Adui ni Maji

Nyama ya kusaga ya sambusa, kilo moja, iko kwenye sufuria bila tone la mafuta. Inatoa maji yake yenyewe. Mama mwenye jiko haikorogi ovyo, anaisikiliza. Mwanzoni inatokota kama mchuzi. Baadaye sauti inakauka, inaanza kuchachatika, na hapo ndipo anapotia kitunguu saumu, tangawizi na bizari nyembamba. Kitunguu maji kinaingia mwisho kabisa, moto ukiwa umeshazimwa. "Kikiingia mapema," ananiambia, "kitalia humo ndani na manda italowa."

Tuko Keroka, mji uliokaa mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, na baridi ya Julai imeshuka kutoka kwenye mashamba ya chai. Wanawe humwita "baba". Mgeni hushtuka, lakini kwa Ekegusii baba ndiye mama, na baba huitwa tata. Mimi namwita Mama, yaishe.

Sambusa ilitoka mbali. Waajemi wa kale waliiita sanbosag, jina likasambaa kwa Waarabu na Wahindi, pwani yetu ikalipokea. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, wenye maduka wa Kihindi walipata njia nyepesi ya kuingia huku magharibi, na mapishi yao pia. Uchina kuna chakula cha ukoo huohuo, jiaozi: nyama na kabichi ndani ya unga. Ikikaangwa kwa mafuta machache, kisha ikamwagiwa maji kidogo na kufunikwa iive kwa mvuke, huitwa guotie, maana yake iliyonata chunguni. Mpishi wa Kichina huyakaribisha maji. Huyu wa Keroka anayafukuza kila yanapojificha.

Hata kabichi haiaminiki. Ameikata nyembamba, akainyunyizia chumvi, akaiacha ikae, na sasa anaikamua ndani ya kitambaa kama anayekamua nguo. Karibu kikombe kizima kinamwagika. Karoti imekwaruzwa, dhania imekatwa. Nikauliza kama chinsaga, mboga ya kienyeji, nayo ingefaa. Akacheka. "Chinsaga inataka maziwa na ugali wa wimbi, mwanangu. Usiitese."

Lakini kinachonifanya nisiondoke ni manda, ngozi ya sambusa. Donge la unga wa ngano limepumzika chini ya bakuli kwa nusu saa. Analigawa vidonge 12, kila kimoja anakisukuma hadi kiwe kama kisahani, anakipaka mafuta, anakinyunyizia unga, anakiwekea kingine juu. Vinne vinakuwa mkusanyiko mmoja. Kisha anavisukuma vyote kwa pamoja, akivizungusha robo duara kila baada ya misukumo miwili, mpaka vinne vinakuwa vyembamba kuliko chapati moja. Anavigusisha kwenye kikaango kikavu, huku na huku, bila kuviacha vibabuke. Halafu anavichambua vikingali moto. Anashika pembe kwa kucha, anavuta polepole, karatasi inaachana na mwenzake kwa sauti ndogo. Nuru ya dirisha inapita ndani yake. Ukivuta kwa pupa inachanika. Ukingoja ipoe inagandana. Sijui muda huo ni sekunde ngapi, na yeye hajawahi kuuhesabu.

Nimewahi kusimama Tabaka nikiwatazama wachongaji wakilainisha jiwe la sabuni kwa msasa ndani ya beseni la maji. Wana mikono ya namna hii: haiharakishi, wala haisiti.

Kila manda inakatwa vipande vinne na kufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, maji pekee yanayoruhusiwa mezani, pamoja na yale ya uji mzito wa ngano unaotumika kama gundi. Kipande kinakunjwa kama pakiti ya karanga, kinajazwa, kinafungwa. Ncha ya chini anaibana mara mbili. Hapo ndipo mafuta huingilia, na wauzaji wengi wa stendi hawajali. Ndiyo maana sambusa zao hukuachia shavu limelowa mafuta.

Karai liko jikoni, moto wa mkaa wa wastani. Anatupa kipande cha manda. Kinazama, kinafikiri, kinapanda. Sawa. Mafuta yakiwa makali mno ngozi hutoka malengelenge na kuungua. Yakiwa baridi sambusa huyanywa. Anazitia nane nane, anazigeuza bila kuzichoma kwa uma.

Mwishoni nikaomba nikunje nami, nikapewa vipande vinne. Kati ya sambusa 48 zilizokaangwa siku ile, mbili zilifunguka na kumwaga nyama kwenye mafuta. Mama alizitoa, akaziweka kwenye sahani yangu, akamimina chai.