Msimamizi Asiyesimamia: Juu ya Istilahi Moja ya Kazi za Kompyuta

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika Kiswahili cha magazeti na redio miaka ya karibuni, msimamizi wa maudhui imepokelewa bila mjadala. Humtaja mtu akaaye mbele ya kompyuta akitazama picha na maneno yaliyotumwa katika mitandao ya kijamii, ili aondoe yaliyokatazwa. Kisarufi istilahi hiyo haina kasoro. Kasoro imo katika maana, nayo yafaa ichunguzwe, hasa na wasemaji wa Kiswahili cha Kongo, ambacho kwa sehemu kubwa kilikulia kazini.

Kitenzi simamia hudai mtu mwenye mamlaka. Msimamizi wa shamba, wa mirathi, wa mtihani: wote hao wana kauli juu ya walichokabidhiwa. Je, huko Nairobi ilikuwaje? Uchunguzi wa jarida la TIME wa Februari 2022 kuhusu Sama, kampuni iliyoifanyia Meta kazi hiyo, ulieleza habari za wafanyakazi waliotoka nchi mbalimbali za Afrika na kuajiriwa kwa ajili ya lugha zao. Baadhi yao walipata dola 1.50 tu kwa saa, na walitarajiwa kuamua juu ya kila video kwa sekunde 50 hivi. Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyeongoza jitihada za kuunda chama, alifukuzwa mwaka 2019. Mei 2022 alizishtaki kampuni zote mbili. Januari 2023 jarida lilo hilo lilionyesha kwamba waliochambua matini kwa ajili ya OpenAI, chini ya Sama hiyo hiyo, walipokea kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa, ilhali mkataba ulitaja dola 12.50. Msimamizi gani huyo, asiyesimamia hata saa yake mwenyewe?

Mchujaji lingekuwa afadhali, maana chujio ndilo linalobaki na machicha. Hati zilizowasilishwa mahakamani nchini Kenya zilieleza, Desemba 2024, kwamba zaidi ya 140 kati ya wafanyakazi hao walikutwa na maradhi ya kiwewe.

Msomaji wa Kisangani huenda akapendekeza kapita. Katika enzi ya Dola Huru la Kongo (1885–1908) kapita alikuwa Mwafrika aliyewekwa vijijini na kampuni ili awashurutishe wenzake kuleta mpira. Baadaye neno likabaki kwa kiongozi wa kikundi cha vibarua. Hata hivyo ulinganisho huo haukamiliki. Kapita alikuwa na cheo pamoja na nguvu, tena nguvu ya kuogofya. Huyu wa Nairobi amepewa cheo kitupu.

Ulinganisho wa karibu zaidi unapatikana katika Vocabulaire de ville de Elisabethville, matini ya Kiswahili cha Katanga iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, na kuhaririwa na Johannes Fabian mwaka 1990. Tahajia yake si sanifu hata kidogo. Lakini mtumishi humo huitwa boyi, na bwana huitwa bwana. Neno halimpandishi mtu ngazi ambayo mshahara wake haujaifikia. Boyi huingia hadi chumbani, huona uchafu wote wa nyumba na kuuondoa, wala nyumba si yake. Kazi ya Nairobi ni hiyo hasa.

Kwa bahati mbaya Kiswahili cha namna hiyo chenyewe kimeachwa mlangoni. Orodha ya kimataifa ya ISO 639-3 inakitambua Kiswahili cha Kongo kwa alama yake, swc. Lakini Meta ilipotoa mwaka 2022 matini za kupimia tafsiri za mashine katika lugha zipatazo 200, iliweka Kilingala, Kikongo na Kiluba cha Kasai. Upande wa Kiswahili iliweka kimoja tu, kile chenye alama ya swh, yaani cha pwani.