Nagona na Mpaka wa Ujuzi

Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa mwaka 1990, imekwisha kulaumiwa mara nyingi kwamba haieleweki. Lawama hiyo yastahili kuchunguzwa kabla ya kukubaliwa. Lugha ya riwaya hii si ngumu: sentensi ni fupi na msamiati ni wa kila siku. Kinachomshinda msomaji ni jambo jingine. Amezoea kupewa tukio pamoja na sababu yake. Humu anapewa tukio na kunyimwa sababu.

Kunyimwa huko ndiko maudhui yenyewe. Msimulizi anafika katika mji wa ukimya na kuwakuta wanafikra, miongoni mwao Plato, Hegel, Marx na Freud, wamezama katika vitabu. Mwandishi hawadharau (yeye mwenyewe alikuwa msomaji wao mkubwa), ila aonyesha kwamba ajitengaye na ulimwengu ili autazame kama kitu kilicho nje yake hubaki na kitabu tu mkononi. Kumtenga ajuaye na kijulikanacho ndiko alikokupinga pia katika tasnifu yake ya udaktari, iliyokamilishwa Wisconsin mwaka 1985.

Hapa yafaa ikumbukwe Kichwamaji (1974). Kazimoto naye aliitafuta maana ya maisha kwa akili, akafika ukingoni, akajiua. Nagona huhesabiwa kuwa imezipa kisogo riwaya za awali. Kwa kweli yaanzia pale pale alipoangukia Kazimoto. Msimulizi wake anaufikia ukingo uo huo, lakini anaendelea kutembea, na mbele yake iko Ngoma Kuu. Ngoma hiyo haikutiwa kwa ajili ya pambo. Ngoma haijulikani kwa kutazamwa. Atakaye kuijua sharti aingie uwanjani.

Hata hivyo, iko kasoro isiyofichika. Kazimoto ana wazazi, ana mke, ana dada aliyeharibiwa na Manase. Mashaka yake yana uzito kwa kuwa wapo watu wanaoumia karibu naye. Msimulizi wa Nagona huwapitia watu kama mpita njia. Msomaji huifuata hoja, lakini haogopi. Mzingile, iliyotoka mwaka 1991, yairudisha sehemu ya hofu hiyo kwa kuonyesha dunia iliyoangamizwa, ingawa hata humo maangamizi ni ya wanadamu wote kwa jumla, na msiba wa nyumba moja, kama ule wa nyumbani kwa kina Kazimoto, hausikiki.