Ukurasa Umefungwa, Faili Liko Wazi

Klabu nyingi huanza na tovuti ya kujitangaza: picha za mechi, ratiba ya msimu, namba ya katibu. Baadaye uongozi hutaka na sehemu ya wanachama peke yao, ya kuwekea mihtasari ya vikao, taarifa ya mhazini na orodha ya wanachama yenye namba za simu. Fundi anatengeneza ukurasa, anauwekea nywila, kazi inahesabiwa kuwa imekwisha. Lakini kilichofungwa hapo ni ukurasa tu.

Tuchukue WordPress, mfumo ulioanza mwaka 2003 na unaotumiwa sana na vikundi vidogo. Faili likipakiwa, huhifadhiwa kwenye folda ya wp-content/uploads, ndani ya folda ya mwaka na mwezi. Orodha iliyopakiwa Machi 2024 itakuwa na anwani inayoishia na /wp-content/uploads/2024/03/orodha-ya-wanachama.pdf. Mtu akiiita anwani hiyo, seva humpa faili moja kwa moja. WordPress haiulizwi chochote, wala nywila ya ukurasa haihusiki. Mwanachama mmoja akikituma kiungo hicho kwenye kundi la WhatsApp la familia, kila aliyekipata anafungua bila kuulizwa yeye ni nani.

Wengine hukimbilia robots.txt, wakaandika humo kwamba folda isipitiwe. Utaratibu huo, uliopendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, ni ombi kwa roboti za injini za kutafuta. Haumzuii mtu yeyote. Tena robots.txt yenyewe inasomwa na kila anayetaka, kwa hiyo kuitaja humo folda ya siri ni kuonyesha ilipo.

Kinachofaa ni kuyahamishia mafaili nje kabisa ya folda inayofikiwa na umma, na kila anayeyataka apitie programu fupi inayokagua kama ameingia kwa akaunti yake na kama wadhifa wake unamruhusu. Muhtasari wa mkutano mkuu uwe wa wanachama wote. Hati za benki zibaki kwa mhazini na wakaguzi. Njia ya mkato ni kuizuia folda kwa .htaccess, nayo hufanya kazi kwenye seva za Apache. Nginx hailisomi faili hilo. Klabu ikihamia kwenye seva ya Nginx, kizuizi kinapotea bila onyo lolote: tovuti inafunguka vizuri, kila mtu ameridhika, na mafaili yako wazi tena. Kwa sababu hiyo naona heri kazi ya ziada ya njia ya kwanza.

Kupima ni rahisi. Nakili anwani ya faili, fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, ibandike. Jibu linalotakiwa ni 403 au ukurasa wa kuingia. Faili likifunguka, kazi haijakwisha. Kipimo hiki kirudiwe kila mnapohama seva.

Na si suala la aibu pekee. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na majina yenye namba za simu ni taarifa binafsi hata yakiwa mikononi mwa klabu.

Kalenda nayo ina mambo yake. Kalenda nyingi za tovuti hutolewa kwa muundo wa iCalendar, uliowekwa mwaka 1998 na kuandikwa upya mwaka 2009 kama RFC 5545. Mwanachama anajiunga mara moja, kisha simu inachota matukio yenyewe. Kwa kawaida simu haijazi nywila kila inapochota, kwa hiyo usalama hutegemea anwani ndefu isiyokisika. Kila mwanachama apewe ya kwake. Anayeondoka, yake inafutwa, na wengine hawasumbuliwi.

Saa nazo huchanganya pale ambapo wanachama wako mbali. Kikao cha saa tisa alasiri kikiandikwa DTSTART:20250614T150000 pasipo kutaja ukanda wa saa, simu iliyoko London itakionyesha saa tisa ya London, wakati kwa kweli kinaanza saa saba mchana kwao. Januari tofauti inakuwa saa tatu, maana Uingereza husogeza saa Machi na Oktoba, sisi hatusogezi. Tiba ni kuandika DTSTART;TZID=Africa/Nairobi:20250614T150000, na hesabu yote inaachiwa simu.

Jambo moja kalenda haiwezi: mabadiliko ya ghafla. Google Calendar inaweza kukaa saa nyingi kabla ya kuchota upya kalenda ya nje. Uwanja ukijaa maji asubuhi ya mazoezi, katibu arekebishe kalenda, kisha atume SMS.