Wimbo wa Umri Mzima

Wahenga husema kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Wako watu wazitiao nyimbo za vijana katika hukumu hiyo, wakidai kuwa mtu akikomaa huziacha kama aachavyo michezo ya utotoni. Msomaji, usikubali neno hili kabla ya kulipima. Nchini Uingereza uko wimbo mmoja uwezao kuwa mizani yetu, nao ni "You'll Never Walk Alone".

Wimbo huu ulitungwa na Wamarekani wawili: maneno ni ya Oscar Hammerstein, na mahadhi ni ya Richard Rodgers. Waliutunga kwa mchezo wa kuigiza uitwao Carousel, ulioonyeshwa New York mwaka 1945, na humo huimbwa kumliwaza mwanamke aliyefiwa na mumewe. Mwaka 1963 Gerry Marsden, kijana wa Liverpool mwenye umri wa miaka 21, aliuimba pamoja na kundi lake, ukaongoza kwa mauzo katika Uingereza. Mashabiki wa kandanda wakauchukua uwanjani Anfield, na hata leo huuimba.

Mhakiki mkali ataona ila. Maneno ni machache, na mifano yake ya dhoruba na giza ni ya kale. Hayo ni kweli, walakini ndiyo nguvu yake. Sauti huanza chini na kupanda polepole mpaka kileleni, hata asiye mwimbaji aweza kuifuata; na kwa kuwa hautaji mtu wala mahali, kila mwenye msiba huuona ni wake.

Ushahidi u katika matendo. Mwaka 1985 moto uliua watu 56 katika uwanja wa Bradford, naye Marsden akauimba tena na wenzake kuwachangia waliopatwa. Baada ya msongamano wa Hillsborough wa mwaka 1989, ulioua mashabiki 97 wa Liverpool, ukawa wimbo wa maombolezo. Mwaka 2020, wakati wa korona, Tom Moore, askari wa zamani mwenye miaka 99, alitoa sauti yake pamoja na Michael Ball kuchangia huduma za afya, na wimbo ukaongoza tena.

Kijana wa miaka 21 na mzee wa miaka 99 walikutana katika maneno yale yale. Basi upimapo wimbo, usiulize tu kama wapendeza leo. Uliza kama utakufaa siku utakapolia.