Neno "ni" lililoandikwa kwa mlazo

Katika somo moja la Biblia nilimsikia mwalimu akiwafundisha vijana kwa Biblia ya Kiingereza ya King James. Alipofika 2 Timotheo 3:16 alilikazia sauti neno dogo lenye maana ya "ni", akasema, "Mnaona limeandikwa kwa herufi za mlazo? Mungu amelitilia mkazo!" Tukaitikia amina. Kumbe tuliitikia kosa.

Katika King James, mlazo si mkazo. Wafasiri wa mwaka 1611 walitaka msomaji ayatambue maneno waliyoyaongeza wao ili Kiingereza kisimame. Kiebrania na Kigiriki huweza kuacha kitenzi cha "kuwa", na maana isipotee. Sisi tusishangae: twasema "Damu nzito kuliko maji", wala hakuna anayeuliza kitenzi kiko wapi. Zaburi ya 23 kwa Kiebrania huanza kwa maneno mawili tu: jina la Bwana, na neno lenye maana ya "anichungaye". Kiingereza hakivumilii pengo kama hilo, basi mfasiri hulijaza, na kwa uaminifu huonyesha alipolijaza.

Mara nyingi kujaza huko hakubadili kitu. Lakini katika waraka kwa Timotheo kuna jambo zito. Kigiriki kinataja kila andiko, kisha sifa mbili: lenye pumzi ya Mungu, na lenye kufaa. Kitenzi hakipo. King James iliweka "ni" kabla ya sifa zote mbili, ikatangaza kwamba andiko lote limetolewa kwa pumzi ya Mungu. Revised Version ya mwaka 1881 iliifanya pumzi kuwa maelezo ya andiko, ikaweka "ni" mbele ya kufaa tu, na usomaji ule mwingine ikauandika pambizoni. Biblia yetu ya Union Version nayo ilifuata njia hiyo ya pili. Wengi walilalamika: je, si kana kwamba yapo maandiko yasiyo na pumzi hiyo?

Kwa maoni yangu, hofu hiyo haina msingi. Mstari wa 15 umekwisha kutaja maandiko matakatifu ambayo Timotheo aliyajua tangu utoto. Paulo hayachambui kama mchele, hili jema, lile pumba. Njia zote mbili zinakiri pumzi ya Mungu. Tofauti ni wapi sentensi inaweka uzito wake. Nami naona njia ya pili inatubana zaidi, kwa maana inatupeleka moja kwa moja kwenye kufundishwa, kuonywa, kuongozwa na kuadibishwa. Ni rahisi kutetea kwa sauti kubwa kwamba Biblia imevuviwa. Kukubali inikaripie mimi ni kazi nyingine.

Simlaumu mwalimu yule kwa kutojua Kigiriki. Hata mimi nimejifunza kwa kuuliza. Ninachokilaumu ni ile haraka ya kumwekea Mungu mkazo ambao hakuuweka. Wafasiri wale walikuwa wanyenyekevu kiasi cha kuonyesha wazi, "Hapa neno ni letu." Nasi tunapohubiri, tungefanya vema kuonyesha vivyo hivyo: hili ni Neno la Bwana, na hili ni langu.