Namba ya CNSS iko ya nani?

Ndugu wasomi, tukitoka ku iniversite wengi wetu tunaimba wimbo moja: kazi ya serikali hakuna, leka nifungue ya kwangu. Basi tunafungua atelie ya kuchomea vyuma, biro ya fotokopi, kampuni ndogo ya kujenga. Karatasi tunazitafuta ku Guichet Unique: RCCM, namba ya kodi, na ile ya CNSS. Hii ya mwisho njo ninataka kuichambua leo, hasa upande wa ajali na magonjwa ya kazi, juu nimesoma sheria 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 na kuna jambo linaniudhi.

Sheria yenyewe si mbaya. Imechukua nafasi ya ile ya 1961, wakati tulikuwa tunasema INSS (wazazi wetu wangali wanasema vile). Iko na matawi matatu: pensheni, posho ya familia, na hatari za kazi. Kwa hatari za kazi patroni peke yake analipa, 1.5% ya mshahara, mutumikaji hatoi kitu. Hata ajali ya njiani, mutu akienda kazini ao akirudi nyumbani, inahesabiwa. Hapo ninapiga makofi.

Lakini fanya hesabu ya kijana mwenye kuanza. Ana fundi mmoja anayemulipa faranga 200,000 kwa mwezi. Hatari za kazi ni faranga 3,000. Bei ya sabuni! Shida ni kwamba hawezi kulipa ile 3,000 peke yake. Matawi yote yanaenda pamoja: patroni 13%, ni kusema 26,000, na mutumikaji anakatwa 5%, ni kusema 10,000. Jumla 36,000 kila mwezi kwa mutu mmoja, kazi iwepo ao isiwepo. Kwa kampuni kubwa ya migodi sina huruma, ilipe. Kwa atelie ya miezi mitatu, naona sheria ingeweza kufungua mlango mdogo: uanze na ajali, mengine yafuate kazi ikishasimama. Fundi anaweza kungojea pensheni miaka thelathini. Mkono uliokatwa na mashine haungojei.

Sasa jambo lenyewe. Mu kifaransa kuna maneno mawili, afiliasio na imatrikulasio. La kwanza ni kuandikisha kampuni, la pili ni kuandikisha mutumikaji, jina kwa jina. Wasomi wengi tunafanya la kwanza na kulala. Namba tunaitaka juu ya dosie ya soko la serikali, tunaibandika ku karatasi yenye kichwa cha kampuni, tunajisikia wakubwa. Kumbe fundi wetu hajulikani popote. Siku chuma kinamwangukia, namba inabaki ya patroni tu.

Na tusijifiche nyuma ya udugu. «Huyu si mutumikaji, ni mtoto wa shangazi, ananisaidia tu.» Sheria ya kazi ya 2002 inasema mkataba uandikwe, lakini karatasi ikikosekana, mutumikaji anaweza kuonyesha kwa njia yoyote kwamba alikuwa anafanya kazi. Mtoto wa shangazi anayekuja kila asubuhi na kulipwa kila mwisho wa mwezi ni mutumikaji.

Lawama ingine ninaielekeza ku serikali. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Lakini sheria hii, ambayo inamlinda hasa mutu asiyesoma sana, imeandikwa mu kifaransa cha wanasheria. Mimi mwenye diplome nilirudia sehemu zingine mara mbili. Fundi wa matofali afanye namna gani? Karatasi moja tu ya Kiswahili chepesi ku kila biro ingetosha kumwambia tofauti ya yale maneno mawili.

Wakati tunaingojea, wewe unayetumika kwa mutu, usimuulize patroni kama kampuni iko na namba. Muulize namba yako wewe, na uombe kuona kama jina lako linatokea ku deklarasio ya kila mwezi. Wewe uliyesoma kontabilite na unayejaza hizo deklarasio, unajua vizuri majina gani yanakosekana.