Kufua na Kukausha kwa Mashine Moja: Hesabu ya Nyumba Ndogo ya Kihesa

Mashine inayofua na kukausha nguo ndani ya pipa moja huuzwa kama chombo kimoja, ilhali kwa hesabu ya umeme, maji na uimara ni vyombo viwili vilivyofungiwa ndani ya bodi moja, na kila kimoja kina gharama zake na maradhi yake. Kwa kaya ndogo ya Kihesa, katika Manispaa ya Iringa, yenye vyumba viwili au vitatu, umeme wa LUKU na tenki la maji lililoinuliwa uani, uamuzi wa kuinunua au kuiacha hautegemei sana jina la kampuni wala wingi wa programu zilizoandikwa mbele ya mashine. Unategemea swali ambalo dukani huguswa mara chache: maji yanayobaki ndani ya nguo baada ya kusuuzwa yatatolewa kwa nguvu ya mzunguko au kwa nguvu ya joto? Makala haya yanashikilia kwamba katika Nyanda za Juu Kusini, ukiacha hali chache zitakazotajwa, kazi hiyo inapaswa kufanywa na mzunguko, na joto liwekwe akiba kwa siku ambazo hakuna njia nyingine.

Wazo la kuunganisha kazi hizo mbili lina umri mrefu. Kampuni ya Bendix ya Marekani ilionyesha mashine ya kufulia inayojiendesha yenyewe mwaka 1937, na katika miaka ya 1950 ikaingiza sokoni mashine iliyofua na kukausha katika pipa hilohilo. Msingi wa ufundi wake haujabadilika sana. Pipa la chuma lenye matundu huzunguka ndani ya beseni lisilovuja. Wakati wa kufua, hita iliyo chini ya beseni hupasha maji, na wakati wa kukausha, hita ya pili hupasha hewa ambayo feni huisukuma ipite katikati ya nguo. Hewa hiyo ikishabeba unyevu hupelekwa kwenye kitoneshi, yaani njia ya ubaridi ambamo mvuke hugeuka kuwa maji na kutolewa nje na pampu. Katika miundo mingi ya bei nafuu ubaridi huo hutokana na maji ya bomba yanayotiririshwa humo wakati wote wa kukausha, hivyo mashine hutumia makumi ya lita za maji safi kwa ajili ya kuondoa lita mbili au tatu zilizo ndani ya nguo. Ipo miundo inayopoza mvuke kwa hewa badala ya maji, na mnunuzi anayelipia kila lita anapaswa kuuliza hilo kabla ya kuuliza rangi.

Mpangilio huo una tokeo ambalo halionekani kwenye bango la tangazo. Nguo zinazofuliwa hujazana na kulowana, lakini zinazokaushwa zinahitaji nafasi ya kupinduka ili hewa ya moto izifikie zote. Ndiyo maana mashine iliyoandikwa 8/5 hufua kilo 8 na kukausha kilo 5 tu, kwa hiyo mwenye nyumba aliyejaza pipa hulazimika kuzitoa nguo zikiwa mbichi, kuzigawa mafungu mawili na kukausha mara mbili. Mzunguko kamili, kuanzia kufua hadi kukauka, huchukua saa nyingi, na umeme ukikatika katikati ya safari hiyo, nguo hubaki zimejikunja ndani ya beseni lenye joto na unyevu. Anayelinganisha bei na aisome namba ndogo, kwa kuwa hiyo ndiyo mashine anayoinunua kwa ajili ya kukaushia.

Gharama ya joto inaweza kukadiriwa bila maabara. Kuugeuza ujazo wa lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji nishati ya karibu 0.67 ya kilowati-saa, na kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ya LUKU. Kiasi hicho kimewekwa na maumbile, wala hakuna kampuni inayoweza kukipunguza kwa kipaji cha wahandisi wake. Kinachowezekana ni kurudisha sehemu ya joto lililotumika, kama zinavyofanya mashine zenye pampu ya joto, ambazo bei yake bado ni kubwa. Katika mashine ya kawaida, kutokana na joto linalopotea, kila lita hugharimu takribani uniti moja nzima. Kilo 5 za nguo za pamba zilizokamuliwa kwa kiasi hubaki na maji ya karibu lita 3, na hivyo kuzikausha hula uniti zipatazo 3. Kaya inayokausha mara mbili kwa wiki itatumia uniti 26 kwa mwezi kwa kazi hiyo peke yake, mbali na za kupasha maji ya kufulia.

Hapa ndipo utaratibu wa bei za TANESCO unapoingia katika chumba cha kufulia. Kwa viwango vilivyoanza mwaka 2016, mteja wa majumbani mwenye matumizi madogo, aliye katika kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ilimradi matumizi yake yasizidi uniti 75 kwa mwezi. Mteja wa kundi la T1 hulipa shilingi 292, ambazo pamoja na kodi na tozo hufika karibu 356. Kaya yenye friji dogo, televisheni, taa na pasi inaweza kuishi ndani ya uniti 75 ikijibana. Ikiongezewa uniti 26 za kukausha nguo huvuka mpaka, na kinachopanda bei si nguo tu: uniti zinazozidi 75 hutozwa shilingi 350 kabla ya kodi, na mteja anayezidisha kwa mazoea huhamishiwa T1, ambako hata taa ya ukumbini hulipiwa zaidi ya mara mbili ya bei ya awali. Kwa aliyekwisha kuwa T1, ukaushaji huo hugharimu shilingi zaidi ya 9,000 kila mwezi. Kiasi hicho si cha kufilisi mtu, lakini kinalipwa mwaka mzima kwa kazi ambayo kwa miezi mingi upepo wa Iringa huifanya bure.

Nguvu ya mzunguko huifanya kazi ileile kwa gharama ndogo mno. Kukamua ni kulizungusha pipa kwa kasi hadi maji yasukumwe nje kupitia matundu, na mota ya wati 500 ikikamua kwa dakika 10 haitumii hata sehemu ya kumi ya uniti. Tofauti kati ya kasi moja na nyingine ni kubwa: kilo 5 za pamba zikikamuliwa kwa mizunguko 800 kwa dakika hubaki na maji ya takribani lita 3.5, zikikamuliwa kwa mizunguko 1,400 hubaki na takribani lita 2.5. Lita hiyo moja iliyoondolewa na mota ni uniti moja ambayo hita haitaidai, au ni saa kadhaa ambazo shuka halitakaa kambani likingojea jua.

Namba ya mizunguko peke yake, hata hivyo, hupotosha, na jambo hili lina uzito kwa wanaolinganisha mashine ya mlango wa mbele na ile ya matenki mawili, ambayo tenki moja hufua na jingine dogo hukamua. Nguvu inayosukuma maji nje haitegemei kasi tu; hutegemea pia upana wa pipa. Pipa lenye nusu-kipenyo cha sentimita 24 likizunguka mara 1,200 kwa dakika huzibana nguo kwa nguvu inayokaribia mara 390 ya uzito wake. Tenki la kukamulia lenye nusu-kipenyo cha sentimita 11.5, likizunguka mara 1,350, hufikia mara 235 hivi, ambayo ni sawa na pipa pana linalozunguka mara 930. Kwa hiyo mashine ya matenki mawili iliyoandikwa mizunguko 1,350 haiizidi ile ya mlango wa mbele yenye 1,200, ijapokuwa boksi lake laonyesha namba kubwa zaidi. Pamoja na hayo, 235 ni nguvu ya kutosha kuifanya suruali ya jinzi isichuruzike hata tone, na inapatikana kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine inayokausha kwa joto.

Hali ya hewa inaipa hoja hii nguvu. Mji wa Iringa uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,600, mvua zake hunyesha zaidi kati ya Novemba na Aprili, na miezi ya Juni hadi Agosti ni ya baridi lakini ni mikavu na yenye upepo. Ukavu na upepo ndivyo vinavyokausha nguo kuliko joto, ndiyo sababu shuka lililokamuliwa vizuri hukauka Kihesa mwezi wa Julai huku aliyelianika amevaa sweta. Tatizo la miezi hiyo ni vumbi jekundu, na tatizo la masika ni mvua ya ghafla inayomkuta mwenye nyumba kazini, asiwe na mtu wa kuanua. Yote mawili hutatuliwa na kibanda kidogo cha kuanikia, chenye bati la kupitisha mwanga juu na wavu au mbao zenye nafasi pembeni. Kibanda hicho hakina bodi ya umeme ya kuungua, na kinastahili kuhesabiwa katika bajeti ya mashine kama sehemu yake halali.

Maji nayo yana sharti lake. Mashine za mlango wa mbele hufunguliwa maji na vali ya umeme ambayo kwa kawaida huhitaji mgandamizo usiopungua baa 0.5. Safu ya maji yenye kimo cha mita 10 hutoa takribani baa 1, kwa hiyo tenki lililokaa juu ya mnara wa mita 3 hutoa baa 0.3 tu, na mashine iliyounganishwa nalo huweza kujaza polepole mno au kusimama na kuonyesha alama ya hitilafu, kisha fundi akaitwa kutibu mashine isiyougua. Dawa ni kutafuta muundo unaokubali baa 0.3, kama ulivyoandikwa katika kijitabu chake, au kuunganisha moja kwa moja na bomba la IRUWASA, mamlaka ya maji ya Iringa, palipo na msukumo wa kutosha, au kuongeza pampu ndogo. Mashine ya matenki mawili haina sharti hilo, kwani inajazwa hata kwa ndoo, ingawa hutumia maji mengi zaidi katika kusuuza.

Kuhusu uimara, kanuni iliyo salama ni kuhesabu vitu vinavyoweza kuharibika na kuuliza ni vipi kati yake vinapatikana mjini Iringa. Mkanda, kaboni za mota, pampu na beringi ni vitu vya kawaida kwa fundi mwenye uzoefu, isipokuwa pale ambapo beseni limeunganishwa kwa kuyeyushwa kiwandani, kwani hapo beringi iliyokufa humaanisha kubadili beseni zima. Mota ya inveta haina kaboni za kulika na ina utulivu, lakini inaendeshwa na bodi ya umeme ambayo huweza kuungua umeme unaporudi kwa kishindo. Mashine inayokausha huongeza hita ya pili, feni, vihisi vya joto na kitoneshi, tena mara nyingi haina chujio la nyuzinyuzi linalotolewa kwa mkono, hivyo nyuzi za nguo hunata kwenye njia ya hewa yenye unyevu na kuifanya ikaushe kwa muda mrefu zaidi kila mwaka. Kuilinda pia ni ghali: stabilaiza ya wati 1,000 inayotosha friji haiwezi kubeba hita ya wati 2,000, na soketi yake inahitaji waya wa ardhi unaofanya kazi kwelikweli, si ekstensheni iliyopitishwa chini ya zulia.

Zipo kaya ambazo mashine ya kazi mbili inazifaa. Anayepanga ghorofani bila ua wala roshani hana pa kuanika. Mwenye mtoto mchanga au mgonjwa anayechafua mashuka kila siku hawezi kungoja mawingu yapite. Tukuyu, wilayani Rungwe, ambako mvua ya mwaka huzidi milimita 2,000, hesabu ya upepo iliyotolewa hapa haisimami. Ipo pia sababu ya kiafya: inzi aitwaye Cordylobia anthropophaga, anayepatikana katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki, hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na mabuu yake hupenya ngozi ya mvaaji, lakini pasi ya moto ikipitishwa vizuri kwenye mishono huyaua, na pasi imo katika nyumba nyingi tayari. Kwa kaya za aina hiyo, uchaguzi uanze na uwezo wa kukausha wa kilo 5 au zaidi, kasi isiyopungua mizunguko 1,400 na upozaji wa hewa, kisha mashine itumiwe kumalizia nguo zilizokwisha kupigwa na upepo nusu siku, kwa kuwa kila lita inayotoka bure ni uniti iliyookolewa. Kaya nyingine za Kihesa zitahudumiwa vyema zaidi na mashine ya mlango wa mbele ya kufua tu, yenye kilo 6 au 7 na mizunguko 1,200 hadi 1,400, penye maji ya msukumo. Na pasipo na msukumo huo, na mashine ya matenki mawili.

Linabaki suala la usafiri, ambalo kwa Iringa si dogo. Mashine ya mlango wa mbele hutoka kiwandani ikiwa na boliti ndefu mgongoni zinazolishika beseni lisiyumbe juu ya springi zake. Mashine za mtumba mara nyingi hupakiwa Dar es Salaam bila boliti hizo, kwa sababu mmiliki wa kwanza alizitoa na kuzitupa, kisha hutikiswa kwa kilomita zipatazo 500, zikiwemo kona za mlima Kitonga, beseni likigonga bodi njia nzima. Mnunuzi anayeagiza kutoka mbali adai boliti zifungwe kabla ya kupakia, au walau beseni libanwe kwa sponji pande zote. Na ikishafika, boliti zitolewe zote kabla ya kuwashwa mara ya kwanza, kwani ikikamua zikiwa bado zimefungwa, mashine huruka na kutetemeka hata ikaharibu beringi zake siku hiyohiyo.